Suti ilianza kama vazi la kihuni: tufungue koti tuone lilikotoka

FundiBitana (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye uzi mmoja humu kuna mkuu aliandika kwamba kijana asiye na suti hajakamilika, kwa sababu suti ni vazi la heshima la Wazungu "tangu enzi na enzi". Nikasoma, nikanyamaza, nikarudi kwenye pasi yangu. Lakini hilo neno "enzi na enzi" likawa linanichoma kama pini iliyosahaulika kwenye kiuno cha suruali.

Mimi ni fundi wa kupunguza makoti, mengi yakiwa ya mtumba. Miaka kumi na saba sasa. Sijasomea historia darasani, nimesoma mwenyewe usiku, kwa sababu kila nikipasua bitana nakuta vitu visivyo na kazi na hakuna mteja anayeweza kuniambia viliwekwa kwa nini.

Chukua koti lako sasa hivi, ulitandaze mezani. Inua ule ukosi unaolala kifuani upande wa kushoto. Kuna tundu la kifungo. Kifungo chake kiko wapi? Hakipo. Geuza nyuma: kuna mpasuo mmoja au miwili. Wa nini, na wewe unakaa kwenye kiti cha ofisi? Mikononi kuna vifungo vitatu au vinne ambavyo havifungui chochote, vimeshonwa juu kwa juu kama mapambo ya keki.

Wiki iliyopita nilifungua koti moja zito la sufu, la zamani kweli. Kati ya sufu na bitana kulikuwa na turubai nyepesi iliyochanganywa na singa za farasi, imeshikizwa kwa mishono midogo ya mkono, mamia kwa mamia, imelala mshazari kama mvua ya upepo. Ukiukunja ukosi ukauachia, unarudi wenyewe. Makoti mengi ya siku hizi hayana hiyo kitu, wanabandika kwa gundi na pasi ya moto, ndiyo maana yakifuliwa vibaya kifua kinatoa malengelenge.

Hayo yote niliyotaja yaliwahi kufanya kazi. Ukosi ni kola ya koti lililokuwa linafungwa mpaka kooni, watu wakaizoea kuiacha wazi ikalala. Lile tundu ndipo kifungo cha juu kilipoingia wakati wa baridi. Mpasuo wa nyuma ni wa mtu aliyepanda farasi, koti ligawanyike huku na huku badala ya kujikunja juu ya tandiko. Kwa hiyo unaingia kanisani Jumapili umevaa nguo ya mpanda farasi aliyefungua kola kwa joto.

Hoja yangu ni hii: karibu kila kipande cha vazi hili tunaloliita la heshima kilianza kama kitu ambacho watu wa heshima wa wakati huo walikikunjia uso. Naendelea, ngoja nimalizie suruali ya mteja.

Kipepeo_wa_Tanga:
Naweka kiti mbele kabisa. Nimeshainua ukosi wa koti la mume wangu, kweli tundu lipo na kifungo hakuna. Ananiuliza natafuta nini.

MtuKwao:
Mleta uzi tupe mwanzo wenyewe. Suti ina miaka mingapi?

FundiBitana:

Nimerudi. Mkuu MtuKwao, inategemea unahesabia wapi, lakini mimi huanzia kwenye dirii, lile vazi la chuma la vitani.

Ulaya ya zamani, mwanamume na mwanamke walivaa karibu nguo moja: kanzu pana ya sufu inayoingizwa kichwani, chini yake nyingine ya kitani. Ukiikata ni mistari iliyonyooka tu, fundi hana kazi ngumu. Miaka ya 1300 na kitu mambo yakabadilika. Mwanajeshi anayevaa dirii ya chuma anahitaji nguo ya ndani iliyojazwa pamba, ibane mwili, ifuate mkono unapoinuka na upanga. Hapo ndipo fundi alipoanza kukata kitambaa kufuata mwili wa mtu, na vifungo vikashuka kifuani kwa mstari. Vijana wakaitoa ile nguo vitani wakaivaa mtaani. Fupi, inabana, makalio nje. Mapadri walilalamika sana.

Kuna moja imebaki mpaka leo, ya Charles de Blois, mkubwa aliyegombania utawala wa jimbo la Brittany huko Ufaransa, akauawa vitani Auray mwaka 1364. Iko kwenye jumba la makumbusho ya vitambaa pale Lyon. Nimeitazama picha yake mara nyingi kuliko ninavyotazama picha za harusi yangu. Kwapa lake ni duara kubwa linaloingia mpaka kifuani na mgongoni, ili mkono uinuke bila koti zima kupanda juu. Miaka zaidi ya mia sita imepita na makoti mengi ninayoletewa hayajafikia kwapa lile.

Wakubwa walipoona kila mtu anaanza kupendeza, wakatunga sheria. Uingereza, mwaka 1363, chini ya Edward wa Tatu, ikaandikwa nani avae kitambaa gani kulingana na cheo na mali. Miaka mia mbili baadaye, chini ya Elizabeth wa Kwanza, hariri ya zambarau ilikuwa ya ukoo wa kifalme. Sheria za namna hiyo zilitangazwa tena na tena, maana yake hazikufuatwa. Fundi yeyote atakwambia: mteja mwenye hela hazuiliwi na karatasi.

Miaka ya makola ya marinda na wanga naipita haraka, sina uvumilivu nayo.

Ninachotaka ukikumbuke ni Oktoba 1666. London ilikuwa imetoka kwenye tauni mwaka uliotangulia, na Septemba moto ukateketeza mji. Mfalme Charles wa Pili akatangaza mbele ya baraza lake kwamba ataanzisha mtindo mpya na hataubadilisha: kizibao kirefu mpaka karibu na magoti, juu yake koti, chini kaptula ya kubana. Samuel Pepys aliandika habari hiyo kwenye shajara yake, kwamba lengo ni kuwafundisha wakubwa kubana matumizi. Mwenzake John Evelyn aliandika kwamba mtindo huo ni wa Kiajemi. Watu wa pwani mnanisoma? Babu wa suti ya vipande vitatu, kwa maneno ya mtu aliyemwona mfalme kaivaa, ametoka Uajemi, kulekule neno letu suruali lilikotoka.

Wakubwa pale ikulu waliwekeana dau na mfalme kwamba hatadumu nao. Na kweli, baada ya miaka michache nyuzi za dhahabu zikarudi juu ya hicho kizibao cha kubana matumizi. Lakini koti, kizibao na cha chini vikabaki vitatu hivyohivyo.

Mzee_wa_Kisiwani:
Fundi, kizibao na joho ni mavazi yetu hapa tangu babu zetu. Kumbe Mfalme wa Uingereza naye alipita njia hiyo! Endelea mwanangu.

Nyundo2:
Sawa ni tamu, ila uhuni uko wapi? Mfalme siyo mhuni.

FundiBitana:

Shikamoo mzee wangu. Nyundo2 kaka, unakuja.

Miaka ya 1700 vazi la heshima Ulaya lilikuwa la Kifaransa: hariri, tarizi, lesi mikononi, wigi la unga, kaptula inayoishia gotini na soksi nyeupe. Lyon walifuma, ikulu ya Versailles wakavaa. Mwingereza tajiri yeye alikaa shambani kwake zaidi kuliko ikulu. Anaamkia farasi na mbwa wa kuwinda. Hariri kwenye matope haifai, akavaa sufu na ngozi, buti, na koti lililokatwa mbele ili lisimsumbue kwenye tandiko, likabaki na mkia nyuma. Mbele ya Mfaransa huyo ni mtu wa shamba kabisa.

Halafu ikaja 1789, mwaka wa Mapinduzi ya Ufaransa. Wajumbe wa Ufaransa walipoitwa Versailles, maofisa wa ikulu waliwapangia mavazi: makabaila wavae dhahabu na manyoya ya kofia, wajumbe wa wananchi wa kawaida wavae nyeusi tupu. Nia ilikuwa kila mtu ajue nafasi yake. Wakakosea vibaya. Ile nyeusi ikawa sare ya walioshinda. Na wale wa mitaani Paris waliitwa sans-culottes, yaani wasio na kaptula za wakubwa, kwa sababu walivaa suruali ndefu za vibarua. Suruali ndefu, mkuu Nyundo2. Ile unayoivaa kwenye usaili wa kazi ilikuwa nguo ya kibarua na baharia, na kwenye mapinduzi ukiivaa ulikuwa unatangaza upande wako. Oktoba 1793 serikali yao ikatoa amri kwamba kila mtu avae apendavyo ndani ya jinsia yake.

Aliyekuja kuyaunganisha hayo yote ni George Brummell wa London, aliyezaliwa 1778. Hakuwa kabaila, baba yake alikuwa katibu wa waziri mkuu Lord North. Alichofanya ni kulichukua koti la farasi la yule mtu wa shamba, akalikatisha kwa sufu ya buluu iliyokolea, akalinyoosha mpaka likakaa kama ngozi. Akaoga kila siku, jambo ambalo lilisimuliwa mji mzima kama kioja. Shati jeupe lililofuliwa kweli, na kitambaa cha shingoni kilichotiwa wanga. Inasimuliwa kwamba mgeni mmoja alimkuta mtumishi wake akishuka ngazi na lundo la vitambaa vilivyokunjamana, akauliza ni nini, akajibiwa: hivi ndivyo vilivyotushinda. Nina wateja wa aina hiyo. Mungu awape maisha marefu ila wasije Jumamosi.

Hapa niseme kitu cha kifundi ambacho waandishi wengi hukiruka. Sufu ina tabia ambayo hariri haina. Ukiipiga mvuke na pasi inavutika, inajikusanya, inageuka umbo. Unaweza kuchukua kipande bapa ukakipa bega. Hariri ukiilazimisha inakuaibisha. Mafundi wa London walikuwa na sufu, wakawa na ujuzi wa pasi, na mnamo 1800 ndipo futi ya kamba ilipoanza kuenea. Kabla yake kila mteja alikuwa na ukanda wake wa karatasi wenye alama za mkasi. Ndiyo maana Ufaransa ilibaki na nguo za wanawake, Uingereza ikachukua za wanaume.

Brummell mwenyewe alikosana na mwanamfalme aliyekuwa rafiki yake mkubwa, wakakutana kwenye hafla mwaka 1813, mwanamfalme akajifanya hamwoni, Brummell akamgeukia mwenzake aliyekuwa kando na kumuuliza: "Huyu rafiki yako mnene ni nani?" Mwaka 1816 akakimbia madeni kwenda Ufaransa, akafia Caen mwaka 1840, ameshapoteza akili.

Kipepeo_wa_Tanga:
Fundi, mbona mnaongea wanaume tu? "Avae apendavyo ndani ya jinsia yake" nimeiona hiyo, usidhani nimeiruka.

FundiBitana:

Dada Kipepeo, nilijua hutaiacha.

Mwaka 1800 polisi wa Paris walitoa amri: mwanamke anayetaka kuvaa suruali akaombe kibali. Mwaka 1892 na 1909 wakalegeza kidogo, akiwa ameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi, ruksa. Amri yenyewe ilikaa vitabuni mpaka Januari 2013, waziri wa haki za wanawake alipotamka rasmi kwamba haina nguvu tena. Miaka 212 na ushei, wanawake wameshavaa suruali zao bila kumwomba mtu.

Na wakati koti la mwanamume linapunguzwa mapambo, gauni lilibeba yote. Miaka ya 1850 na kitu walivaa chini yake kizimba cha pete za chuma, gauni linapanuka kama mwavuli, likishika moto wa jikoni hulioni mpaka limekuzunguka. Rangi nazo: mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa yetu ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Dawa ikagoma, akapata zambarau. Ile rangi iliyokuwa ya wafalme ikauzwa dukani.

Shela jeupe la bibi harusi nalo si la enzi na enzi. Wanawake wengi waliolewa na gauni lao zuri la rangi yoyote. Malkia Victoria ndiye aliyevaa nyeupe Februari 1840, picha zikasambaa, na leo Mbagala mtu anakopa ili avae.

Aliyewavisha wanawake suti ya jioni ya kiume ni Yves Saint Laurent, 1966.

Nyundo2:
Mkuu unawasifia sana hawa watu. Hiyo pamba ya mashati yao ilitoka wapi? Sema na hilo.

FundiBitana:

Swali la haki. Mashine ya Eli Whitney ya kutenganisha mbegu na pamba, ya 1793, ilifanya pamba ya Marekani iwe rahisi kusafisha, na aliyeilima ni mtumwa. Sehemu ya pamba hiyo ilifumwa Massachusetts, ikapakiwa meli za Salem, ikashushwa Unguja. Ndiyo merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi ambayo misafara ya bara ililipia pembe na chakula. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 merikani ikaadimika, nguo za Bombay zikachukua soko. Bibi zetu walikuwa wanavaa jasho la mtu Mississippi bila kujua, na huko jikoni kwetu utumwa ulikuwa unaendelea vilevile. Sisifii mtu. Naeleza nguo.

Sasa turudi kwenye uhuni, maana ndio unafika kileleni.

Katikati ya miaka ya 1800 bwana wa mjini alivaa koti refu jeusi mpaka magotini na kofia ndefu ya hariri. Likazuka koti fupi, halina mkia, kiuno hakibani, la kukalia kwenye viti vya nyumbani au kwendea shamba. Kitambaa chake na cha suruali kimoja. Hiyo ndiyo suti yako. Ilikuwa kama sisi na pensi na ndala. Mwaka 1865 duka la Henry Poole pale Savile Row, mtaa wa mafundi London, lilimshonea mwanamfalme wa Wales koti fupi la kulia chakula nyumbani kwake bila kusumbuka na mikia, Wamarekani wakalichukua kwenye klabu yao ya Tuxedo Park mnamo 1886, na leo ukialikwa hafla ya tuksido unaambiwa ndiyo heshima ya mwisho.

Mwaka 1892 Keir Hardie, mchimba makaa ya mawe wa zamani, alichaguliwa mbunge. Wenzake wote makoti marefu meusi na kofia za hariri. Yeye akaingia Bunge la Uingereza na suti ya sufu ya kawaida na kofia ya kitambaa. Magazeti yalimshambulia kwa kuvaa kihuni bungeni. Suti, wakuu. Kosa lake lilikuwa suti.

Otieno_wa_Eastlands:
Sasa umenigusa. Hapa Kenya, Novemba 2023, Spika Wetang'ula alipiga marufuku Kaunda suti bungeni. Lazima koti, kola, tai. Na Rais wetu ndiye alikuwa anazivaa kila siku! Kumbe wanalinda nguo ambayo Waingereza wenyewe waliizomea.

Papa_Katuba (Lubumbashi):
Wandugu, kwetu ilikuwa kinyume. Wakati wa Mobutu, ni tai ndiyo ilikatazwa. Ulivaa abacost, koti bila tai, na jina lake linatoka kwa Kifaransa, maana yake "suti chini". Papa yangu alificha tai zake tatu ndani ya godoro mpaka 1990. Siku hiyo alivaa zote tatu, moja asubuhi, moja mchana, moja jioni. Hakuwa na pa kwenda.

Mzee_wa_Kisiwani:
Na Bara, Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU walipiga marufuku sketi fupi, wigi na suruali za kubana. Operesheni Vijana. Wakaguzi mtaani. Nilikuwa Dar kikazi, nimeyaona kwa macho yangu.

FundiBitana:

Papa Katuba, hizo tai tatu zimenimaliza.

Nimalizie na cherehani, kwa sababu ndiyo ugomvi wangu binafsi. Mwaka 1831 Paris, mafundi walivamia karakana ya Barthélemy Thimonnier, alikokuwa na mashine za kushonea sare za jeshi, wakazivunja. Najua niseme walikosea. Lakini kila bandari ikifungua marobota ya nguo zilizoshonwa tayari namkumbuka yule fundi mwenye rungu. Baadaye Elias Howe akapata hataza 1846, Isaac Singer 1851, Singer wakaanza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo, na mashine yangu mwenyewe ni ya jina hilo, nyeusi, ya kukanyaga, imenunuliwa na mwalimu wangu kwa mtindo huohuo. Haijawahi kulala hata wiki moja.

Kipepeo_wa_Tanga:
Fundi swali la mwisho, si la historia. Nina koti la marehemu baba, la kijivu. Nataka kaka yangu alivae siku ya kumaliza chuo. Mabega makubwa mno. Linapunguzika?

FundiBitana:

Pole sana dada. Mabega usimruhusu mtu ayaguse kirahisi. Kupunguza bega ni kung'oa mkono mzima, na akikosea koti limekufa. Bana ubavuni, pandisha mikono kidogo, kijana atajaza mwenyewe na miaka. Bana kitambaa cha kifuani kwa vidole viwili, chini ya mfuko: ukihisi tabaka la katikati linateleza peke yake, lina turubai ya kushonwa, usilifue kwa maji. Na kabla hujalipeleka kwa fundi, kagua mifuko ya ndani. Wazee huacha vitu.

Kipepeo_wa_Tanga:
Nimekagua. Kuna vocha ya simu ya mia tano iliyokwanguliwa, na kifungo kimoja.

FundiBitana:
Kifungo usitupe. Tazama mkono wa kushoto, kitakuwa kimepungua kimoja.

Kipepeo_wa_Tanga:
Ni wa kulia. Lakini kweli kimepungua.